One-Punch Man sizoni ya pili: tunailaumu picha wakati kosa liko kwenye ngumi (uzi mrefu)

fundi_flash_Buzuruga:

Habari za jioni wakuu, na ndugu zangu wa kanda ya ziwa mwadila.

Mi kazi yangu ni kuweka muvi kwenye flashi hapa Buzuruga, sio mbali na stendi. Kibanda kina TV ya inchi 32 imetazama barabarani, spika mbili, na kiti kimoja ambacho mimi sikalii, wanakalia wanaosubiri. Mtu anakuja anakupa flashi anakwambia "nijazie za kupigana", anaenda zake sokoni, akirudi anakuta tayari. Zamani za kupigana ilikuwa ni za Kichina, saivi nusu ya wateja wanamaanisha anime, yaani katuni za Kijapani, na wala sio watoto. Nina konda wa gari za Kisesa, nina fundi mitumbwi wa kule Kirumba Mwaloni, nina dada mmoja wa chuo anakuja kabisa na karatasi ya majina kama anaenda duka la dawa.

Sasa kuna jambo linanikera tangu 2019 na leo mvua imenifungia ndani nimeona nilimalize, mvivu wa kusoma apite kushoto mapema.

Kila mteja nikimpa One-Punch Man sizoni ya kwanza, baada ya siku mbili anarudi macho mekundu anataka ya pili. Nampa. Kesho yake anakuja kanuna. "Kaka umeniwekea kopi mbovu." Yule fundi mitumbwi ndo alizidi, alidai buku yake kabisa mbele za watu, eti hii ya pili wamechora wanafunzi wa darasa la saba, we umeitoa wapi. Nikamfungulia kwenye TV nikamwambia mzee wangu hii ndiyo hiyohiyo iliyoangaliwa dunia nzima, hakuna nyingine iliyofichwa. Hakunielewa. Buku nikairudisha maana foleni ilikuwa inasikiliza.

Kwa ambaye hajaiona kabisa, staringi anaitwa Saitama, kipara, nguo ya njano na joho jeupe mgongoni, na shida yake ni moja tu: akimpiga mtu ngumi moja habari imeisha. Zile picha tulizokulia, staringi anapigwa robo tatu ya muvi, mwishoni anamkumbuka mwalimu wake mzee ndo anashinda, hapa sahau. Huyu kashinda kabla hajafika na ameshachoka kushinda, kichwani anawaza siku ya punguzo la bei dukani.

Hadithi ilianza 2009 kwenye mtandao, aliyeiandika anajiita ONE, michoro yake ya kawaida sana ila kichwa kinachemka. 2012 Yusuke Murata akaanza kuichora upya, huyo ndo mkono. Anime ikatoka Oktoba 2015, studio Madhouse, mwongozaji Shingo Natsume, episodi 12. Ya pili ikatoka Aprili 2019, studio J.C.Staff, mwongozaji Chikara Sakurai, 12 vilevile. Kati ya hizo mbili watu wamesubiri zaidi ya miaka mitatu, kuna wateja wangu walioa hapo katikati.

Watu wanasema walibadilisha kila kitu. Sio kweli. Mwandishi wa skripti ni Tomohiro Suzuki zote mbili, mbunifu wa sura za wahusika Chikashi Kubota zote mbili, muziki Makoto Miyazaki zote mbili. Wimbo ni uleule, waliobadilika ni wapiga ngoma. Na aliyewahi kwenda Bujora kipindi cha Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, akaona makundi mawili ya Wagika na Wagalu wanavyoshindana anajua wapiga ngoma wana maana gani, pale hakuna jaji wa kukaa mezani na kalamu, ngoma mbili zinapigwa pande mbili za uwanja kwa wakati mmoja na watu wenyewe wanahama kwa miguu yao kwenda kwenye raha. Upande uliobaki mtupu ndo umeshindwa. Mi hiyo hukumu naiamini kuliko nyota kumi za mtandaoni.

Basi na mimi nikafanya hukumu ya Kibujora. Juzi mchana wateja wachache, nikaigeuza TV ikatazama ukutani, watu wasione kitu, nikafungulia sauti tu. Kwanza episodi ya 12 ya sizoni ya kwanza, Saitama na jambazi Boros. Mama wa maembe akageuka. Bodaboda wawili wakasimama, mmoja akachungulia kabisa nyuma ya TV akaniuliza mbona umeificha. Kule kishindo kina pumzi, yaani kuna sehemu kabla ngumi haijatua sauti zote zinaondoka, unabaki na kimya, halafu BUM, na ile BUM ina kilo zake, kioo cha kibanda kinatetemeka.

Nikaweka ya pili, Garou anayewinda mashujaa na shujaa Metal Bat. Pale Metal Bat anapiga kwa rungu la besiboli la chuma, kelele zipo nyingi tu tena zaidi ya kule, ila zote ni sawasawa, kah kah kah kah kama mtu anagonga sufuria uani. Hakuna aliyegeuka. Mama wa maembe anahesabu chenji yake. Ila subirini, Garou akacheka. Kale katoto ka muuza karanga kakaja kakashika mlango kananiuliza, "huyo anayecheka ni nani?" Kijapani hakajui hata neno.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakizunguka miaka yote hii.

Utani wote wa One-Punch Man unasimama kwenye kupandisha jambazi. Jambazi anapandishwa, anapandishwa, muziki unalia, mawe yanaruka, anatoa hotuba ya maisha yake na mateso aliyopita mpaka akawa vile, mchoraji anamwaga jasho kwenye kila msuli, wewe unashika roho, halafu kipara anakuja na uso kama yai, pa. Unacheka kwa sababu ya ule uzuri uliopotea bure. Kile kiburi cha kuchora vitu vya kifahari halafu kuvibomoa kwa sekunde moja ndo kichekesho chenyewe. Kumbukeni episodi ya 5 ya kwanza, Saitama anafanya mazoezi na mwanafunzi wake Genos, ngumi inasimama mbele ya pua ya Genos, haijamgusa, lakini mlima ulioko nyuma umefutika. Halafu mtu anakwambia njaa inauma twende tukale. Sasa mlima ule ukichorwa ovyo unafuta nini? Unafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Ndo maana nasema picha mbovu kwenye anime nyingine ni kasoro, ila kwenye hii kila sehemu aliyopo Saitama inakuwa kama mtu kasimulia kichekesho kwa kuanzia mwishoni. Yale mashindano ya ngumi anayoingia kwa jina la mtu mwingine na wigi kichwani, sehemu kubwa wapinzani wake hawajapandishwa, wanakuja wanasema majina yao wanaanguka. Sikucheka nikaona aibu.

Na kuna kitu kidogo kinaniuma macho, ile mikono ya chuma ya Genos. Sizoni ya kwanza chuma kilikuwa rangi bapa na kivuli, basi, unaamini ni chuma. Ya pili wakaweka mng'ao wa kompyuta juu yake, michirizi michirizi kama bati jipya limepakwa mafuta ya kula, mkono ukisogea ule mng'ao unabaki nyuma unaufuata kama hauhusiki. Nikishauona siwezi kuacha kuuona.

Sasa Garou. Huyu ndo anaiokoa sizoni nzima na ndo maana nasema tunaionea. Garou ni binadamu, mwanafunzi aliyefukuzwa na mwalimu wake Bang, anawawinda mashujaa mmoja mmoja, na hana utani wa Saitama. Yeye anapigwa. Anavuja damu, analala kwenye kibanda kibovu porini, anaamka anakwenda kupigwa tena kabla hajapona. Utotoni walikuwa wakicheza michezo ya mashujaa na majitu, yeye analazimishwa kuwa jitu na jitu lazima lishindwe, kwa sababu mtoto anayependwa na wote ndo shujaa. Nani hajawahi kuona hiyo hapa mtaani? Tulikuwa tunacheza polisi na majambazi pale Mabatini, kuna dogo kila siku alikuwa jambazi, jina lake silitaji, hata siku moja hakuwahi kuwa polisi. Hadithi ya namna hiyo haihitaji mlima ulipuke, inahitaji uso na sauti. Sauti anaifanya Hikaru Midorikawa na ile sauti ndo iliyomleta mtoto wa karanga mlangoni.

Kwa hiyo hukumu yangu: ya Saitama imeanguka, ya Garou imesimama, na sizoni moja imebeba zote mbili kama mtumbwi umepakiwa upande mmoja. Nawasilisha, karibuni kwa povu.

mzee_wa_karabai:

Uzi mrefu kama wavu wa dagaa ila nimeumaliza. Mi niliangalia ile iliyotafsiriwa, jamaa anaongea juu mwanzo mwisho, sasa hiyo habari ya kishindo na kimya mi sikuisikia maana kwenye kimya ndo mtafsiri anapiga stori zake za mkewe. Kwangu zote mbili zilikuwa sawa tu na ya pili ilinichekesha zaidi, sasa sijui nilimcheka Saitama au nilimcheka mtafsiri.

Jiwe_la_Bismarck:

Mkuu umezunguka sana. Picha mbovu ni picha mbovu, acha falsafa. Chukua kurasa za Murata, Garou na Metal Bat, kila boksi unaweza kuning'iniza ukutani. Halafu fungua anime, watu wamesimama kamera ndo inatembea. Walitupa slaidi. Garou unayemsifia wewe umemsifia kwa sababu ya Murata na ONE, sio kwa sababu ya J.C.Staff. Ungesoma manga, hivyo vitabu vya michoro, usingeandika hii insha.

fundi_flash_Buzuruga:

@Jiwe_la_Bismarck kiroho safi kaka, manga nimesoma, kwa simu yenye kioo kimepasuka lakini nimesoma.

Ila hapo unachanganya vitu viwili. Ukurasa wa Murata wewe ndo unaupa mwendo, jicho lako likitaka linakaa dakika tano kwenye boksi moja. Anime haikusubiri. Sekunde moja ina fremu 24, yaani picha 24, na kwenye anime za TV mara nyingi mchoro mmoja unashikiliwa fremu mbili au tatu, yaani unapata michoro 12 au 8 kwa sekunde, sasa kazi ya mwongozaji ni kujua wapi ashikilie na wapi amwage. Madhouse nao walishikilia kibao, rudi uangalie, Saitama akiwa nyumbani kwake wamesimama kama picha ya kitambulisho. Walibania pale ili wamwage kwa Boros. J.C.Staff kosa lao sio kwamba walibania, kila studio inabania. Walibania na kumwaga kwa kipimo kilekile mwanzo mpaka mwisho, ndo maana hakuna kinachoruka.

Na tuwe waungwana, Natsume kwenye ile ya kwanza alikusanya wachoraji huru aliowajua yeye, wakali watupu, waliokuja kwa sababu ya kazi na kwa sababu yake. Ile timu sio kitu unachokinunua ukihama studio. J.C.Staff mwaka huohuo wa 2019 mikononi mwao kulikuwa na DanMachi ya pili, kulikuwa na ile ya Accelerator, kulikuwa na Food Wars ya nne. Fundi mmoja akikubali mitumbwi minne msimu mmoja, utaona mwenyewe mbao zinavyoungana.

Jiwe_la_Bismarck:

Sasa si umekubali kuwa ni mbovu. Unanibishia nini?

fundi_flash_Buzuruga:

Nabisha sababu, sio ubovu.

binti_Malimbe:

Shikamoo kwa wakubwa. Mleta uzi nadhani dada wa karatasi ya majina ni mimi 😂 na karatasi ni kwa sababu siku moja ulinijazia tamthilia ya Kikorea flashi nzima nikaenda nayo hosteli.

Nina swali, halafu nina kubisha. Umesema utani unategemea picha nzuri ya kumpandisha jambazi. Sasa Gouketsu je? Yule jitu anayevamia mashindano. Saitama anamuua na sisi hatuoni. Hakuna picha kabisa, wanatoka nje, baadaye tunaona kichwa cha Gouketsu kimedondoka. Hakuna mlima, hakuna mawingu kupasuka, hakuna kilo za ngumi. Na mi nilicheka mpaka wenzangu chumbani wakaamka. Kwa hesabu yako ile isingechekesha.

mwana_Igoma:

Jamani kuna watu hatujafika hapo mnatoa spoila tu, onyeni kwanza

fundi_flash_Buzuruga:

@mwana_Igoma ni ya 2019 hiyo mdogo wangu, hata maziwa yameshaganda.

@binti_Malimbe marahaba. Ya Kikorea naomba radhi kwa mara ya tatu. Na hapo umenishika pabaya, nimekaa na hiyo komenti yako saa nzima, nimeuza flashi mbili tu.

Nimerudi kuangalia. Nilichokiona ni kwamba Gouketsu amepandishwa, ila hajapandishwa kwa picha, amepandishwa kwa mifupa ya Suiryu. Yule Suiryu, mpiganaji wa kwenye mashindano, mwanzo ni mtu wa maringo, anapigana huku anatabasamu, anasema nguvu ni za kujifurahisha na ushujaa ni ujinga. Halafu wanampiga. Na wanampiga kwa muda mrefu, bila haraka, anavunjwa, anachezewa, mpaka yule mtu wa maringo anaanza kulia anaomba msaada, anamwita shujaa, yeye ambaye saa moja kabla alikuwa anacheka neno lenyewe. Hapo mi koo lilinikauka na picha zilikuwa za kawaida tu. Ndo hapo anatokea kipara. Unacheka kwa sababu umepumua.

Kwa hiyo narekebisha hukumu. Kupandisha ndo kila kitu, na kuna njia mbili za kupandisha. Moja ni mkono wa mchoraji, ya pili ni muda na maumivu ya mtu unayemjua. Sizoni ya pili ilipokumbuka kutumia njia ya pili ilipatia. Ilipojaribu kufanya kama Madhouse bila mikono ya Madhouse ikaanguka. Asante dada, umeniharibia kichwa cha uzi ila umeunyoosha.

binti_Malimbe:

Na King umemsahau. Episodi ya kwanza kabisa ya sizoni ya pili, mtu anayeogopwa na nchi nzima kumbe hana lolote, moyo ndo unadunda kwa woga watu wanasikia wanadhani ni injini ya vita. Saitama anakaa naye wanacheza gemu. Ile ni episodi nzuri kuliko nusu ya sizoni ya kwanza, na haina ngumi ya maana. Nyie wanaume mnahukumu kwa vishindo tu.

fundi_flash_Buzuruga:

Kweli tupu. Yule mwenye nguvu zote hakuna anayemjua, asiye na nguvu hata kidogo ndo anasifiwa, na wote wawili wamechoka kwa namna inayofanana. Nilikuwa nimeiruka kwenye kurudia maana nilikuwa natafuta vishindo. Kosa langu.

konda_mstaafu:

Mi nauliza ya tatu vipi, imetoka Oktoba 2025 nimeona watu wanalia. Niweke bando au niache?

Jiwe_la_Bismarck:

Acha. Studio ileile J.C.Staff, miaka sita wamekaa, wamekuja na slaidi tena. Ukitaka slaidi nenda kwenye harusi ukaangalie picha za bibi harusi akiwa mdogo.

fundi_flash_Buzuruga:

@konda_mstaafu ya tatu ni Garou na lile genge la majitu, kwa hiyo kwa hukumu yangu ilitakiwa iwe rahisi kwao maana Garou ndo ngekewa yao. Wamejikwaa palepale. Kule vita ni vingi kwa wakati mmoja, kila shujaa na jitu lake, na hakuna aliyekaa muda wa kutosha kuumia mbele yetu, sasa njia ya pili ya kupandisha nayo imekosa nafasi, na ya kwanza mikono haikuwepo tangu mwanzo. Mi nilivumilia, sikufurahia. Bando lako lina thamani kuliko hilo, ila ukipita Buzuruga njoo na flashi nitakuwekea mbili za mwanzo uone zikikushika.

Ila kuna kitu sikipendi. Yule mwongozaji wake ameandamwa mtandaoni mpaka akafunga akaunti yake. Hapana bana. Mtu kapewa ratiba na bajeti na watu, hakuvipanga yeye. Dai buku yako kama fundi mitumbwi wangu, paza sauti, nuna, ondoka. Kumfuata mtu na kumtukana kila asubuhi kwa sababu Garou hakutembea vizuri ni ukichaa.

mzee_wa_karabai:

Hapo sawa. Sisi mbalamwezi ikitoka dagaa hawavuliki, hakuna anayemtukana nahodha.

Kamanga_kila_siku:

Wakuu mi ni msomaji tu huwa sichangii ila hii ya kugeuza TV ilinikaa. Kila siku navuka na kivuko cha Kamanga, asubuhi na jioni. Leo jioni nikasema ngoja nijaribu. Simu nikailaza kifudifudi kwenye mapaja, sauti juu, episodi ya 12 ya sizoni ya pili, ile ya yule jongoo mkubwa.

Mwanzo ni kama alivyosema mleta uzi, kah kah kah. Mzee Bang na kaka yake wanapiga, Genos anapiga, hakuna mtu kwenye kivuko kainua kichwa, mama mmoja kanikazia macho nipunguze. Halafu King anaongea na kipaza sauti, anamwita yule jongoo aje. Ile sauti ya King imetulia, yaani mtu anaogopa kufa ila sauti imetulia. Halafu jongoo anakuja, unasikia ardhi. Halafu Saitama.

Mzee pembeni yangu, amebeba kuku wawili, ananigusa bega ananiuliza, "hiyo ngumi kapigwa nani?"

Nikamwambia jongoo. Akanishangaa sana.

binti_Malimbe:

Ni tandu. Jongoo hana madhara masikini.

Kamanga_kila_siku:

Tandu basi. Ila kwa mzee nilishasema jongoo, ameenda nalo kijijini.

fundi_flash_Buzuruga:

Nimerudi wakuu, jana sikuingia, umeme haukuwepo.

@Kamanga_kila_siku hiyo ya tandu nilikuwa nimeihesabu kwenye zilizoanguka, nadhani kwa sababu mi nilikuwa naiangalia, na ukiangalia unaona tandu wa kompyuta anateleza kama bomba la maji. Nikasema ngoja nirudie kwa masikio. Kumbe wamempandisha kwa episodi kadhaa, Metal Bat alipambana naye mapema akashindwa kummaliza, Genos kateketea, wazee wawili wameshindwa, na King kajitoa mhanga wa mdomo mtupu. Na pale ngumi inapotoka wakakumbuka kunyamaza kwanza. Mara moja kwenye sizoni nzima, lakini wakakumbuka.

Basi leo asubuhi fundi mitumbwi kapita na msumeno wake begani, anaenda kuchukua mbao. Nikamwita, mzee wangu kaa dakika kumi. Hakutaka, anasema ile kopi yako mbovu naijua. Nikamwambia kaa, sikulipishi. Akakaa kwenye kiti, msumeno kauweka magotini. Nikamfungulia kuanzia pale King anashika kipaza sauti. Kaangalia kimya. Kwenye ngumi, msumeno ukalia magotini mwake kwa ile spika, akaushika na mkono usilie.

Ikaisha akasimama akasema, "sasa hii ndo ungeniwekea siku ile."

Nikamwambia ndiyo niliyokuwekea, ni episodi ya mwisho, hukufika.

Akaniambia nimwekee tena kwenye flashi, yote, atamalizia. Buku hajarudisha.